Mgonjwa Asiyeweza Kufika Mlangoni

Katika shule ya msingi niliyosoma, upande wa Bahati, palikuwa na mwalimu mmoja aliyesifiwa kwa mwandiko wake. Herufi alizoziandika ubaoni zilikuwa kubwa na zimesimama wima, hata mtoto aliyeketi nyuma kabisa aliweza kuzisoma bila taabu. Mwaka mmoja tuliona kwamba mwandiko ule umeanza kupungua. Kila mstari ulianza vema, kisha ukamalizika kwa herufi ndogo kama sisimizi. Sisi watoto tulicheka, tukanong'onezana kwamba mwalimu amekuwa bahili wa chaki. Hatukujua kuwa tulikuwa tukiitazama dalili ya mapema ya ugonjwa ambao, miaka kumi na mitano baadaye, ulimlaza kitandani asiweze kujigeuza ubavu wala kuinua kijiko.

Sikumtaja mwalimu yule ili nikuhuzunishe. Nimemtaja kwa sababu habari yake ni sehemu ya historia. Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Walakini namna taifa linavyowatunza wagonjwa wake nayo ni historia. Ina tarehe zake, sheria zake, ushindi wake na makosa yake. Basi katika kurasa hizi nataka tufuate swali moja kutoka mwanzo hata mwisho: hospitali na zahanati za serikali katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati zilijengwa zimhudumie nani, na je, yule asiyeweza kuufikia mlango wake ana fungu gani?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Huitwa ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la tabibu Mwingereza, James Parkinson, aliyezaliwa mwaka 1755 na kufa mwaka 1824. Alifanya kazi yake katika mtaa wa Hoxton, mjini London. Mwaka 1817 alichapisha kitabu kidogo juu ya maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Humo alieleza habari za watu 6 tu; na jambo la ajabu ni kwamba si wote waliokwenda kwake kutibiwa. Wengine alikutana nao njiani, na mmoja alimtazama kwa mbali tu. Zingatia jambo hilo, msomaji, kwa maana tutalirudia. Ugonjwa huu haukuelezwa na daktari aliyeketi chumbani akingoja kubishiwa hodi. Ulielezwa na mtu aliyetoka nje akayatumia macho yake.

Ndani ya ubongo wa mwanadamu, chini katikati, pana sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli za mahali hapo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, nayo ni kama tarishi anayechukua amri za mwendo. Seli hizo zikifa kidogo kidogo, matarishi hupungua na amri huchelewa. Hapo mkono hutetemeka hali umepumzika, viungo hukakamaa, hatua hufupika, mwandiko husinyaa, sauti hufifia, na uso hukosa kuonyesha furaha au huzuni iliyomo moyoni. Ugonjwa huu hauambukizi. Si laana, si uchawi, wala si uzee mtupu, ingawa aghalabu huwapata watu waliopita umri wa miaka 60.

Kwa muda wa miaka 140 baada ya Parkinson hapakuwa na dawa ya maana. Kisha, mwaka 1957, mtaalamu wa Sweden aitwaye Arvid Carlsson alionyesha kazi ya dopamini katika ubongo wa wanyama. Mwaka 1960, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake walichunguza ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huu, wakaona kwamba dopamini imepungua mno. Mwaka 1967, huko New York, George Cotzias alionyesha kwamba mgonjwa akipewa levodopa kwa kinywa, kuanzia kipimo kidogo na kukiongeza polepole, aliyeganda huweza kutembea tena. Levodopa ni kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini. Nayo si ngeni kabisa katika nchi yetu, maana imo katika mbegu za upupu, mmea ule ambao vinyweleo vyake vikikugusa hujikuna mpaka machozi yakutoke. Lakini mtu asithubutu kujitibu kwa upupu, kwa kuwa kipimo kisichojulikana kinaweza kumdhuru. Tena ukumbuke kwamba levodopa hutuliza tu, haiponyi.

Sasa tuje Nakuru. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na Nakuru ikawa miongoni mwa vituo vyake. Pande zote walowezi wa Kizungu wakagawiwa mashamba makubwa: Njoro, Molo, Subukia, Solai. Hospitali za siku zile ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu wa Nakuru walikuwa na hospitali yao, iliyojengwa kwa ukumbusho wa wenzao waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwafrika alikuwa na wodi zake mbali. Na shughuli kubwa ya idara ya tiba kwa Waafrika ilikuwa kupigana na maradhi ya kuambukiza, kama vile tauni, ndui na malaria, maradhi ambayo yangeweza kuvuka ua na kumfikia mlowezi au kumpunguzia vibarua. Kwa sheria ya mwaka 1918, Mwafrika aliyekaa katika shamba la mlowezi sharti afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Asiyeweza kazi hakuwa na haki ya makao. Fikiri basi, msomaji: mzee wa namna hiyo alipoanza kutetemeka mikono asiweze kukamua ng'ombe, nani angemwandika katika daftari la hospitali? Ugonjwa wake haukumtisha mtu. Alirudi kwa jamaa zake, na historia ikamsahau.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, viongozi wa Kenya walitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 serikali iliifuta ada ya shilingi 5 ambayo mgonjwa wa nje alikuwa akitozwa. Lilikuwa jambo kubwa. Mtu aliyekuwa amevaa kandambili na mtu aliyekuwa amevaa viatu wakapanga foleni moja. Hospitali ya serikali mjini Nakuru ikaja kuwa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, na wagonjwa wakaletwa kutoka mbali sana. Mlango ulikuwa wazi.

Lakini mlango uliofunguliwa waweza kurudishwa. Gharama zilipanda, fedha za serikali zikapungua, na Desemba 1989 wananchi waliambiwa wachangie gharama za matibabu. Ada hizo zilisimamishwa mwaka 1990, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua. Mwaka 2004 zilipunguzwa zikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Na Juni 2013 zikafutwa kabisa katika ngazi hizo mbili za chini. Mwaka huohuo wa 2013, kwa amri ya Katiba ya mwaka 2010, hospitali nyingi zilikabidhiwa serikali za kaunti, na ile Hospitali Kuu ya Mkoa ikawa mali ya Kaunti ya Nakuru. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton hujifunzia humo.

Ukiyapanga mambo hayo yote kwa safu, utaona kwamba mjadala wa miaka hamsini ulikuwa juu ya mlango: aingiaye alipe nini, na nani aushike ufunguo. Ni mjadala wa haki, wala siubezi. Walakini yuko mgonjwa ambaye mlango ukiwa wazi, na ada ikiwa imefutwa, bado hafiki. Huyo ndiye mgonjwa wa Parkinson ugonjwa ukiisha kukomaa.

Tunajuaje kwamba hafiki? Jibu la kuaminika limetoka kwa jirani zetu, wilaya ya Hai, penye miteremko ya Kilimanjaro nchini Tanzania. Katika miaka ya 2005 na 2006 watafiti waliamua kutowangoja wagonjwa hospitalini. Walikwenda nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071, wakiwauliza watu na kuwatazama namna wanavyotembea. Walipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson. Hesabu hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini jambo zito ni kwamba wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao, wala kuonja dawa yake. Walikuwa hai, mbele ya macho ya jirani zao, na katika madaftari ya hospitali hawakuwamo. Watafiti wa Hai walifanya kama alivyofanya Parkinson mwenyewe: walitoka nje.

Kwetu Kenya, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 ulitazama maduka ya dawa katika sehemu mbalimbali za nchi. Ulionyesha kwamba dawa za ugonjwa huu hazipatikani katika maduka mengi, na zinapopatikana bei yake ni mzigo kwa mtu wa kipato cha chini. Shirika la Afya Duniani limeiweka levodopa pamoja na mwenzake, kabidopa, katika orodha ya dawa za lazima. Kuandikwa katika orodha ni jambo moja, na kuwekwa katika rafu ya zahanati ya Kuresoi ni jambo la pili.

Sasa naomba uingie nami katika nyumba ya mgonjwa. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Cotzias, madaktari wawili, Margaret Hoehn na Melvin Yahr, waligawa ugonjwa huu katika hatua 5. Katika hatua ya kwanza upande mmoja tu wa mwili huguswa. Katika hatua ya tano mgonjwa ni wa kitandani au wa kiti cha magurudumu, asiposaidiwa. Mwalimu wetu nilimkuta kati ya hatua ya nne na ya tano, nilipokwenda kumtazama likizo moja nikiwa katika chuo cha ualimu.

Nilijifunza mambo mengi siku ile. Nilijifunza kwamba saa ni sehemu ya dawa. Mgonjwa wa namna hii humeza vidonge mara nyingi kwa siku, na kidonge kikichelewa hata saa moja, mwili hufungika. Binti yake mwalimu alikuwa ameandika saa za vidonge kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Vidonge vyenyewe vilinunuliwa mjini, na palikuwa na juma ambalo havikupatikana dukani. Juma hilo, alisema binti, baba yake alikuwa kama gogo.

Nilijifunza pia habari ya mlango. Wagonjwa wengi wa Parkinson huganda ghafula wanapotembea, na mahali pa kuganda aghalabu ni mlangoni, pale nafasi inapokuwa nyembamba. Akili inataka kuvuka, miguu imeshikwa chini kama iliyogundishwa. Lakini ubongo una njia za pembeni: mgonjwa akiona mistari sakafuni, mara nyingi huweza kuikanyaga mmoja mmoja akapita. Binti alikuwa ameelezwa jambo hilo na muuguzi mmoja, akachora mistari ya chaki kuvuka kizingiti. Nilimwona mwalimu wangu, aliyekuwa akichora mistari ubaoni ili sisi tuandike sawasawa, akiinua mguu wake juu ya mistari ya chaki na kuvuka. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyecheka.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mgonjwa huyu sharti uulize. Je, ameketi wima? Je, uji ni mzito wa kutosha ili usiteleze ukaingia katika njia ya pumzi? Je, kidonge kimetangulia chakula, kwa sababu nyama, maharagwe na maziwa vikiwa tumboni huweza kukizuia? Misuli ya koo nayo hukakamaa, na chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, ambayo ni sababu mojawapo kubwa ya vifo vya wagonjwa hawa. Tena sharti ageuzwe usiku asipate vidonda vya kulala. Tena baadhi yao huona watu wasiokuwapo, na wengi huzama katika huzuni. Ndani ya uso ule usiosogea mna mtu anayesikia kila neno. Jambo hilo usilisahau kamwe.

Nani hufanya kazi hiyo yote? Katika Bonde la Ufa la kati, kama mahali pengi, ni mke, binti au mkaza mwana. Hana likizo wala mshahara. Wengine huacha kazi zao katika mashamba ya maua ya Naivasha au vibanda vyao sokoni. Basi gharama ya ugonjwa si ya mtu mmoja; mtu mmoja hulala, na nyumba nzima huinama.

Je, sheria inasemaje? Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Na kifungu cha 57, ambacho wanafunzi wengi hawakikumbuki, husema kwamba wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Dola. Tazama neno lile "na". Katiba haikusema jamaa au Dola. Imewafunga nira moja, na nira ikibebwa na ng'ombe mmoja jembe huenda upande.

Ni haki kusema kwamba Dola imeanza kuinua bega lake. Tangu mwaka 2018 wazee waliotimiza miaka 70, wasio na pensheni, wamewekewa shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa nchini kote, wenye mikoba ya vipimo vya shinikizo la damu na sukari, watembelee watu majumbani. Mwezi Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa bima ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1966, na ndani ya mpango huo umo mfuko wa maradhi ya dharura na maradhi sugu. Kadhalika kuna matibabu ya kutuliza, yaitwayo tiba shufaa, ambayo hayaahidi kuponya bali humwondolea mgonjwa maumivu na hofu. Matibabu hayo yalipata sura mpya mwaka uleule wa 1967, muuguzi aliyekuja kuwa daktari, Cicely Saunders, alipofungua nyumba ya wagonjwa wa namna hiyo mjini London. Nayo Nairobi ilipata ya kwanza ya Kenya mwaka 1990, na baadaye Nakuru ikapata yake. Huduma hiyo kwetu imewaelekea zaidi wagonjwa wa saratani. Hakuna sababu ya kumwacha nje mgonjwa wa Parkinson.

Hata hivyo bega lililoinuliwa bado halijafika juu. Shilingi 2,000 hazitoshi kununua dawa na chakula. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Hebu hesabu ni vidonge vingapi mgonjwa huyu humeza katika siku 100, ukajue maana ya mlango kufungwa. Na katika mkoba wa mhamasishaji wa afya hamna chombo cha kuupima ugonjwa huu, kwa sababu chombo chake hakitengenezwi kiwandani. Chombo chake ni jicho lililofundishwa: jicho linalotambua mkono usioning'inia sawa na mwenzake, hatua fupi, mwandiko unaosinyaa. Kulifundisha jicho hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mtu aamue kwamba mzee anayetetemeka ni mgonjwa wa kutibiwa, si mzee wa kungojewa afe.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Hospitali zetu zilianzishwa kumlinda mwenye shamba. Baada ya uhuru zikafunguliwa kwa kila awezaye kuja. Kazi iliyobaki, nayo ni ya kizazi chenu, ni kumfikia asiyeweza kuja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya 8,500,000 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na idadi yao inaongezeka kadiri watu wanavyoishi maisha marefu. Watoto waliozaliwa Bahati na Molo miaka ile ya uhuru, waliopona ndui na surua kwa sababu ya chanjo na zahanati, sasa ni wazee. Kuwaokoa wakiwa watoto kulikuwa ushindi wa taifa. Kuwaacha wakiwa wazee kungekuwa kuula ushindi huo nusu na kuutupa nusu.

Mpenzi msomaji, huenda wewe utakuwa muuguzi, au diwani wa bunge la kaunti, au mwenye duka la dawa, au mwalimu kama mimi. Katika kila kazi hizo utapewa mlango wa kuushika. Ushike vema, lakini usikae nyuma yake tu. Na kabla hujapata kazi yoyote, liko jambo uwezalo kulifanya tangu leo. Ukiona katika kijiji chako mtu ambaye hatua zake zinafupika na mkono wake unatetemeka akiwa ameupumzisha, usimcheke, wala usinong'one habari za uchawi. Mwambie mzazi wako, mwende pamoja kwa mhamasishaji wa afya, mkamweleze mlichokiona. Sisi tulikuwa watoto arobaini katika darasa lile, na macho themanini, tukauona mwandiko ukipungua siku baada ya siku. Hatukumwambia mtu yeyote.